King na Queen wa Kopa, na Mdomo Wangu

Nyinyi mnaocheza poka kwa simu huko nyuma ya duka, hebu wekeni simu chini mniskize. Naandika kwa sababu binti yangu Njeri amechoka na mimi. Ananiambia nikiongea naruka-ruka kama mtu aliyekanyaga siafu, ati heri niandike, karatasi itanituliza. Haijanituliza. Tangu nianze hiyo sentensi ya kwanza nimeamka mara tatu: ya kwanza kuongeza maji kwa githeri, ya pili kuangalia kama geti imefungwa, na ya tatu hata sijui niliamkia nini.

Leo ni Jumapili, saa tisa na kitu mchana. Kamande ameenda Ruiru. Mnamjua Kamande, yule wa boda wa steji yetu hapa Makongeni. Ile klabu niliyofanyia kazi imeweka tena pikipiki mpya mlangoni, atakayeshinda mashindano ya leo anaondoka nayo, na Kamande amekaa mezani tangu saa nane. Aliniomba niende nimwangalie. Nikakataa. Simu yangu iko hapa kando ya daftari na haijalia.

Mtaelewa kwa nini nilikataa. Mara ya kwanza Kamande alipochezea pikipiki pale, miaka mitatu iliyopita, mimi ndiye niliyemnyima. Kwa neno moja. Neno hilo hilo likanitoa kazini zikiwa zimebaki miezi minne nistaafu kwa heshima na keki. Keki sikuila. Lakini siwezi kuwaambia hilo neno kabla sijawaambia karata, kwa sababu bila karata mtasema tu huyu shosho ana kisirani.

Nimegawa karata miaka ishirini na sita. Kwanza hapa Thika mjini, kwa klabu moja iliyokuwa ghorofani juu ya duka la viatu, halafu Ruiru baada ya hiyo ya Thika kufungwa. Mgawaji anakaa katikati ya meza na hachezi. Hashindi, hapotezi. Anachanganya karata, anagawa, anafunua, ananyamaza. Hilo la mwisho ndiyo kazi yenyewe. Kitu cha kwanza unafundishwa ni kwamba mgawaji hana mdomo. Na mimi, wale mnaonijua, Mungu aliniumba mdomo kwanza, halafu akatafuta mtu wa kuubeba.

Sasa. Juzi nimepita hapo nyuma ya duka nikaona mmoja wenu, simtaji, ana kofia nyekundu na anajijua. Ameshika tisa na tatu za maua na amesukuma kila kitu alicho nacho. Nikamuuliza, "Kwani umeona nini hapo?"

Akanijibu na furaha, "Shosho, si zote ni maua!"

Woi. Nilienda nyumbani nikanywa maji.

Atiriri, niwaeleze vizuri. Poka ya mezani kila mtu anapewa karata mbili za siri. Halafu katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Unachukua zako mbili na hizo tano, unatengeneza tano zilizo bora. Kila karata zikifunuliwa, watu wanaongea: unafuata, unapandisha, ama unatupa. Ni hayo tu. Kazi kubwa ni kuchagua zile mbili za kuanza nazo, na hapo ndipo watu wengi wanalia.

Karata mbili za alama moja, kopa na kopa ama maua na maua, sisi klabuni tulikuwa tunaziita wa nyumba moja. Tafadhali msichanganye nyumba na rangi. Kopa ni nyekundu na almasi ni nyekundu, lakini kila mmoja ana kwao. Nimeona mwanaume mzima, mwenye tai, akipiga meza ati ameshinda na tano nyekundu. Tulimwonyesha polepole. Akatoka bila koti yake.

Wa nyumba moja ni watamu kwa macho, na utamu huo ndio unaoua. Aliyenifungua akili alikuwa mchezaji, Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma aliyefundisha hesabu huku kwetu mpaka akastaafu, akabaki Ruiru kwa nyumba ya kupanga. Alikuja kila Jumatano mchana na shati lililopigwa pasi, akaagiza chai moja, akaketi. Alitupa karata saa nzima bila kucheza hata moja. Siku moja meza ikiwa imefungwa, wakati huo nilikuwa na ruhusa ya kuongea, nikamuuliza mbona anatupa hata wa nyumba moja.

"Mama Njeri," akaniambia, "nyumba moja ni chumvi. Ukubwa wa karata ndio ugali. Wewe unaweza kula chumvi peke yake?"

Andikeni hapo. Tisa na tatu za maua ni chumvi kwa sahani tupu. Mara nyingi hizo tano za nyumba moja, ambazo ndizo zingekupa ushindi, hazikuji. Utangoja, utangoja, utalipa kila hatua, na mwisho utabaki na tisa yako. Lakini shika King na Queen wa kopa. Hao ni watu wakubwa wawili kutoka boma moja, na wana milango mitatu. Mlango wa kwanza, King mwingine ama Queen mwingine anafunuliwa mezani, una jozi kubwa. Wa pili ni ngazi, karata tano zinazofuatana: tisa, kumi, Jack, Queen, King. Wa tatu ndiyo hizo kopa tano. Mlango mmoja ukifungwa unasukuma mwingine. Ndiyo maana napenda hizi karata kuliko hata jozi za kati, kwa sababu mtu anayekuangalia hajui utaingilia wapi.

Kumbukeni hilo la milango. Mimi nililifundisha kwa watu na siku ile nikalisahau.

Ngoja nizime jiko.

Nimerudi. Simu bado.

Hata hao wakubwa wana wakubwa wao. Mwalimu Wekesa na hekima yake yote alikuwa na ugonjwa mmoja: King na Jack wa spedi. Alizipenda, akisema zinamkumbusha yeye na marehemu mkewe, King mrefu na Jack mkorofi. Jumatano moja akaingia nazo. King akafunuliwa mezani. Mwalimu akapandisha, akapandisha tena, na yule kijana wa mbele yake anafuata tu bila presha. Kufungua, kijana ana King pia, lakini King wake ametembea na Ace. Jozi ni sawa, ila Ace anamkanyaga Jack. Mwalimu akaangalia karata zake muda mrefu kabisa, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Leo nimelamba chumvi," akasema, na akamalizia chai yake. Kwa hivyo King na Jack msizipige busu. Zikija na mtu mbele yako ameshapandisha kwa nguvu, zitupeni, hata kama zinatoka nyumba ya mfalme.

Na angalieni mmekaa wapi. Anayeongea mwisho ndiye bwana. Ni kama harambee: anayetoa mwisho ameshasikia wengine wametoa ngapi. King na Queen ukiwa wa kuongea mwisho ni silaha. Ukiwa wa kwanza, na watu sita nyuma yako hawajasema kitu, shika hizo karata kama sufuria ya moto.

Mnaona nimekaa dakika kumi nzima? Ni hiyo habari ya kufundisha. Ikiisha naanza tena kuwashwa.

Mikono yangu ndiyo mibaya zaidi. Wiki yangu ya kwanza kazini, Thika, asubuhi ya baridi ya Julai, nilijipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kama kila mtu. Karata zikashikana. Nikampa mzee mmoja karata tatu badala ya mbili, na yeye akanyamaza kimya kama mwizi wa mahindi. Msimamizi wangu wa kwanza, Beatrice, mama mkali aliyetoka Theta na tabia za jeshi, alinitoa mezani kwa sikio. Kwa sikio kweli. Akaniosha mikono kwa sabuni ya kufulia kama mtoto, akanipa pakiti ya karata, akasema nisionekane mpaka ziwe zinalala mkononi bila kuangalia. Nilichanganya nikipika, nikachanganya nikisubiri maji kwa mfereji, hata kanisani mikono ilikuwa inaenda bila karata. Miaka mingi baadaye, Ruiru wakaleta mashine ya kuchanganya. Unatia karata kwa sanduku, inanguruma, inazitema. Wenzangu walifurahi. Mimi mikono ilibaki haina kazi, ikaanza kuhangaika chini ya meza, na mpaka leo haijaacha. Njeri huwa ananishikia kijiko nisikichezee.

Haya. Kamande.

Kamande alikuwa ananibeba kila siku kutoka steji hadi nyumbani. Kwao ni Gatuanyaga, ile barabara ya vumbi ambayo ukifika umekuwa rangi ya mchanga. Pikipiki yake mwenyewe iliibiwa nje ya kanisa wakati wa maombi ya mavuno, watu wakiwa wamefunga macho. Tangu hapo akawa anaendesha ya mtu. Mwenye pikipiki anachukua chake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na siku akikasirika anachukua na funguo. Mnajua wenyewe nguo ya kuazima haistiri matako. Mama yake anamtegemea, mke ana mtoto mgongoni. Siku aliposikia klabu yetu itaweka pikipiki mlangoni ya kushindaniwa, alizima injini pale pale barabarani na mimi nikiwa nimekaa nyuma.

"Mathe, nifunze."

"Nikufunze nini? Wewe unajua kadi ya mtaani tu."

"Si ndiyo unifunze."

Sheria ilikataza mgawaji kuwa na jamaa yake mezani. Kamande si jamaa yangu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na kwa miezi mitatu akaja hapa sebuleni kila Jumamosi.

Alishika haraka sana. Kijana ana subira, nadhani ni hiyo ya kungoja abiria. Nilimfunza ugali na chumvi. Nilimfunza milango mitatu, na kukaa nyuma, na kutupa King na Jack. Nilikuwa namfunza karata zikiwa wazi mezani, zake na zangu, ili nimwonyeshe kila kitu kwa kidole. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilikaa. Karata zikiwa wazi, mtu hana siri ya kuficha, na huwezi kujua mwili wake unafanyaje ukiwa na siri.

Sasa mnajua kadi yetu ya mtaani, ile tumekua nayo wote. Ukibakisha zamu moja umalize, lazima utangaze: niko kadi. Usipotangaza, humalizi. Na hapa Makongeni hatusemi tu kwa mdomo. Unaweka karata chini kifudifudi na unagonga kwa kidole, mara mbili. Ko, ko. Mtoto wa miaka sita anajua. Mkono unajifunza kabla mdomo haujajifunza.

Jumapili ile ya Ruiru tulianza saa nane, meza nne zimejaa, pikipiki nyekundu iko mlangoni na utepe kwa usukani. Watu walikuwa wanaipapasa wakipita kama ng'ombe wa maonyesho. Kufikia saa kumi na moja walibaki wawili. Kamande, na Mama Shiku, mama wa nguo za mitumba sokoni Ruiru, mcheshi, mwenye macho ya kuhesabu sindano gizani. Maina, msimamizi wetu, kijana ningeweza kumzaa, akapanga zamu. Meza ya mwisho akaniwekea mimi. Ningesema, Maina, huyu ni mwanafunzi wangu, weka mwingine. Sikusema. Nilitaka niwe pale akishinda. Huo ndio ukweli na unaniuma kuuandika.

Duru ya pili, nikafunua tatu mezani, mbili ni maua. Kamande akaweka karata zake chini. Akagonga mara mbili.

Ngai! Anangoja ua moja akamilishe tano, na kidole chake kinatangaza kwa meza nzima: niko kadi. Ua likaja, akashinda, watu wakapiga makofi. Baada ya muda kidogo akagonga tena. Safari hii karata haikuja. Nikainua macho nikamwona Mama Shiku. Hakuwa anaangalia karata. Alikuwa anaangalia kidole.

Tukapewa mapumziko ya chai. Kamande akanifuata kwa birika. "Mathe, niko aje?" Maina alikuwa hatua mbili kutoka pale. Mgawaji hana mdomo. Nikaangalia sukari, nikamwambia, "Kunywa chai." Akaniangalia, akanywa chai.

Tulirudi mezani. Kila mmoja alikuwa na karibu nusu ya chips, zile za plastiki, si za viazi. Mashine ikatema karata, nikagawa mbili mbili. Wakapandishiana kidogo. Nikafunua tatu: Jack wa kopa, kumi ya spedi, tisa ya kopa.

Kamande akaweka zake chini. Ko, ko.

Kichwani mwangu ikawa kama sufuria inafurika. Kopa mbili mezani, atakuwa na mbili mkononi, anangoja ya tano. Hana kitu bado. Mama Shiku akaangalia kidole, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, akasukuma chips zake zote katikati. Na Kamande akanyoosha mkono kusukuma zake. Pikipiki ya mama yake, ya mke na mtoto, inaenda kwa chumvi. Niliona hivyo kabisa.

"Tiga, Kamande," nikasema.

Kwa Kikuyu, sauti ya chini, vile unamwambia mtoto anayenyoosha mkono kwa jiko. Wacha.

Mama Shiku akaegemea nyuma polepole. "Haiya! Kumbe niko na wawili hapa?"

Maina akaja. "Mama, umesema nini?"

Ningedanganya. Watu walikuwa wamesikia, lakini watu wanaweza kusikia vibaya. "Nimesema tiga," nikamjibu.

Aliniangalia kama mtu aliyevunjiwa kikombe. Sheria ya klabu ilikuwa moja: mgawaji akiongea ndani ya mkono, yaani katikati ya zamu moja ya karata, mkono umekufa. Kila mtu anarudishiwa chips zake, karata zinakusanywa bila kufunuliwa, na mgawaji anainuka. Akasema, taratibu, "Mama, inuka." Nikamwomba nizikusanye mimi mwenyewe, kwa sababu nimezigawa mimi.

Nilipofikia zake, Kamande akazigeuza. Haikuwa na maana tena, mkono ulikuwa umekufa, akazigeuza tu.

King na Queen. Wa kopa.

Hesabuni na mimi, maana mimi nilihesabu nikiwa nimesimama nusu. Mezani kuna tisa, kumi, Jack. Mkononi Queen, King. Ngazi. Ilikuwa imekamilika, imesimama, kitambo. Hakuwa anangoja kopa yoyote. Mlango wa pili ulikuwa wazi na yeye alikuwa ndani ameketi, na alikuwa anagonga mlango wa tatu ili Mama Shiku afikiri bado yuko nje.

"Mathe," akaniambia, na hakuinua sauti, afadhali angeinua, "nilikuwa nimefika."

Mama Shiku naye akaonyesha zake: Jack wawili. Na yule wa mezani, Jack watatu. Karata nzuri sana, na iko chini ya ngazi. Angehitaji bahati ije kwa zile mbili zilizobaki kufunuliwa. Na hizo mbili zilikuwa pale, juu ya pakiti, chini ya kiganja changu. Ningezigeuza ningejua. Zilikuwa pale! Nikazisukuma ndani na zingine, kwa sheria, kwa mikono hii, na mashine ikazimeza. Huwa naulizwa kama ni kazi ninayoikosa, ndiyo maana sikai. Si kazi. Ni hizo karata mbili. Nikiosha vyombo naziona migongo yake.

Mgawaji mwingine akaketi kwa kiti changu. Kamande akapoteza baada ya mikono michache. Hakuwa anacheza tena, alikuwa tu anaweka chips. Mtoto wa Mama Shiku akaitoa ile pikipiki nje, akaitoa utepe, akaiwasha.

Nilirudi nyumbani nimebebwa na Kamande, kwa pikipiki ya mtu. Ningepanda nini kingine? Tulipofika getini ndipo nikashindwa kujizuia, nikamuuliza.

"Ulijua lini kuhusu kidole?"

"Kabla ya chai. Niliona macho ya Mama Shiku. Nikasema sawa, basi nitamgongea."

"Sasa mbona hukuniambia pale kwa birika?"

"Si uliniambia ninywe chai."

Nilicheka, hebu niambieni mtu anaweza kucheka wakati kama huo. Nilicheka halafu nikalia pale getini na kofia ya pikipiki kichwani.

Hamjamsikia akilisema hilo jambo kwa steji, sivyo? Hata mimi sijamsikia. Hajawahi kulisema. Ameendelea kunibeba miaka mitatu, na mimi kwa miaka mitatu nimempa mandazi, nimempa soksi za mtoto, nimempa kila kitu isipokuwa neno lenyewe. Mdomo wangu wote huu na neno hilo halitoki. Nilimfunza kila kitu nilichojua, halafu saa ya kumwamini ilipofika nikamwona bado ni yule wa kadi ya mtaani. Pole, Kamande. Nimeliandika, utalisoma.

Kwa hivyo nyinyi mkija hapa Jumamosi, na mtakuja, najua, karata zitalala kifudifudi kuanzia siku ya kwanza. Sitaki kuona zenu. Mkikosea, koseeni. Yule wa kofia nyekundu aje na mikono imeoshwa, bila mafuta.

Saa kumi na mbili sasa. Mvua imeanza juu ya mabati, kubwa, siwezi kusikia hata simu ikilia. Njeri ananiambia, "Mum, keti." Nimeketi. Nimeamka. Kuna pikipiki imeingia kwa barabara yetu. Ile anayoendesha inakohoa, ningeijua popote, lakini na hii mvua siwezi kusema kama inakohoa ama haikohoi. Imezimwa.

Geti imegongwa. Ko, ko. Mara mbili.

Njeri ananiangalia, anangoja niite, niulize. Siulizi kitu. Nimechukua mwavuli, naenda kufungua.